Bunduki za Mchezo

Sparkhill, Birmingham
14 Januari 2025

Gaston tanboi wangu wa lori,

Salaam nyingi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu iko kwa jina la Luul, na ukinitumia sauti inasikika nyumba nzima, na hii maneno sitaki aisikie. Huyu binti yangu anangoja uraia tangu kiangazi. Bahasha ikianguka mlangoni anashuka ngazi mbio. Nikikohoa tu ananiambia Baba, tafadhali, usifanye jambo lolote mpaka jibu lije. Kama vile mimi ni mtu wa kufanya mambo.

Sikia. Wazee wa Stratford Road tuko na mchezo mwezi wa tatu, kwenye ukumbi wa kanisa la Wakongo wenzako. Anayetupanga ni Marie-Claire, mama mmoja wa Uvira, lakini mchezo ni wangu, umetoka kwenye kichwa hiki. Ni ile siku ya kizuizi njia ya Kamanyola, askari watatu walipotushusha kwenye lori, mimi nikawaambia turubai hii haifunguliwi mpaka mkubwa wenu aje. Wewe ulikuwa nyuma ya tairi unaomba Mungu. Mimi nacheza dereva, nani mwingine ataweza. Watu watajaa.

Shida ni askari wangu. Wameshika vijiti vya ufagio. Mtu mwenye akili ataogopa ufagio? Nataka bunduki tatu, nyeusi, nzito mkononi, zisizoua, kama zile unazofunga kwenye maboksi hapo dukani kwenu Liège. Nitumie. Mambo ya mpaka usiniogopeshe, nimevuka Malaba, Gatuna na Ruzizi na mizigo ambayo ukiisikia leo utatapika.

Mimi,
Samatar, dereva


Liège
23 Januari 2025

Shofere wangu mkubwa,

Jambo sana. Barua yako nimesoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka. Wewe na wazee wenzako mnataka kucheza mchezo huu? Na yale magoti? Hapa wanaocheza ni vijana. Kila Jumapili wanavaa nguo za askari, wanaweka vizuizi porini, wanapigana kwa bunduki hizi za vidonge vya plastiki, jioni wanarudi na matope mpaka kwenye masikio. Miye siwezi hata kuwafuata kwa macho.

Sasa nikuambie sheria, maana miye njo mwenye kufunga hayo maboksi na patro wangu, mwenye duka, amenifundisha vizuri. Bunduki ya rangi kali, ya chungwa au ya kijani au nyekundu, inaingia Uingereza kama kitu cha watoto, hakuna kelele. Nyeusi inayofanana na ya kweli, hapana. Nyeusi inataka karatasi. Kama ni ya kucheza, unaandikishwa kwenye kiwanja chenye bima, unapewa nambari, miye nabandika nambari kwenye boksi. Watu wa teatre na wa sinema nao wana ruhusa yao, wanaleta barua yao, lakini ile haituhusu sisi.

Kwa hiyo chagua. Nitumie nambari, au nikutumie za chungwa. Patro hatumi nyeusi bila karatasi hata kwa mama yake mzazi.

Tanboi wako,
Gaston


Sparkhill
30 Januari 2025

Gaston,

Magoti yangu yaache. Nasimama saa mbili nzima mbele ya watu na sauti haitetemeki, muulize Marie-Claire.

Bunduki ya chungwa! Wewe ulikuwepo Kamanyola. Yule askari mrefu alishika karoti? Watu watacheka mahali nataka walie. Hapana. Nyeusi.

Mambo ya teatre ya hospitali sijui umeyaleta ya nini, mimi sijawahi kupasuliwa mwili huu na Inshallah sitapasuliwa. Nambari hatuna. Sisi hatuna kiwanja, tuna ukumbi, tena tumeulipia. Wewe andika juu ya boksi kwamba ni bunduki za mchezo, basi. Ni ukweli mtupu, ni za mchezo, na mtu wa kastamu akisoma ukweli anatulia. Mimi nilikuwa nawaambia hivyo hivyo Malaba, nawatazama machoni, wananipigia muhuri wenyewe. Karatasi zikitakiwa ziko kwa Marie-Claire, zitafuata.

Andika jina la Luul. Pasipoti yangu imeandika majina yangu nyuma mbele, na posta hapa wanataka kitambulisho. Jina lake limenyooka. Mimi niko nyumbani mchana, nitalipokea yeye akiwa kazini.

Usinifanye nikuombe. Nani alikutoa Bukavu ukiwa mwembamba kama spoki ya baiskeli?

Samatar


Liège
11 Februari 2025

Shofere,

Boksi nimelituma leo. Sikulipitisha dukani. Nimezinunua kama mteja, nimezifunga nyumbani, patro hajui. Kwenye karatasi ya duane, kastamu yenu, nimeandika vile uliniambia, kwa Kifaransa changu.

Jina la mtoto limeniuma mkono nilipokuwa naliandika. Ulisema mwenyewe anangoja uraia. Na ile karatasi ya Marie-Claire, nitumie, au mpe Luul akae nayo. Nimekuambia zaidi ya mara moja kwamba nyeusi inataka karatasi. Nakuandikia tena ili kesho usiseme Gaston alinyamaza.

Gaston


Liège
4 Machi 2025

Shofere,

Hujanijibu. Nikifuatilia boksi kwenye kompyuta naona lilifika Uingereza, halafu maneno yanaishia hapo. Umelipata?

Sitapiga simu kwa sababu ulinikataza. Lakini niandikie, hata mstari mmoja. Niandikie kama Luul yuko salama.

Gaston


Sparkhill
8 Machi 2025

Adeer Gaston,

Mimi ni Luul, binti ya Samatar; nakuita Adeer, baba mdogo, kama tunavyowaita rafiki za Baba. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha iliyofika jana. Sikuifungua ya Baba, ila naomba wewe ufungue hii ukiwa umekaa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa navaa viatu niende kazini Moseley, kwenye nyumba ya wazee. Polisi wawili wakabisha. Hawakumuuliza Baba. Waliniuliza mimi, kwa jina langu lote, kama nimeagiza bunduki kutoka Ubelgiji. Nikacheka, Adeer. Nilidhani wamekosea nyumba. Halafu nikamwona Baba amesimama jikoni, ameshika birika, hamimini.

Notisi ya kukamatwa kwa mzigo ilikuja wiki mbili kabla, kwa jina langu. Baba aliichukua akaikalia. Ina mwezi mmoja wa kujibu, na nusu ya mwezi huo imeisha mimi sijui lolote.

Wanaoshughulikia uraia wanaangalia mwenendo wa mtu. Nimekaa nchi hii tangu niko na miaka kumi na minne. Sijawahi hata kupanda basi bila kulipa. Sasa faili langu lina neno bunduki.

Na kuna jambo silielewi. Notisi inasema mzigo uliandikwa kuwa ni vitu vya watoto kuchezea. Polisi aliniuliza ni mtoto gani wa nyumba hii anachezea bunduki ya kilo tatu. Baba anaapa ni za mchezo wao wa kanisani. Sasa ni lipi? Ni nani alisema ni za watoto? Naomba uniambie ukweli hata kama unamchoma Baba.

Luul


Liège
13 Machi 2025

Luul mtoto wangu,

Nimekaa, kama ulivyosema, na mpaka sasa sijasimama.

Mchezo wa kanisani? Kanisani watu hawapigani kwa vidonge. Nimesoma mstari wako nikaenda kuchukua barua zake, nikazisoma tena moja moja, na sasa naona. Marie-Claire anawapanga. Yeye anacheza dereva. Watu watajaa ukumbini, mahali fulani wanatakiwa walie. Mungu wangu. Ile ni teatre!

Kwetu Bukavu, Luul, mchezo ni mpira, ni karata, ni kitu cha watoto. Watu wakisimama mbele ya watu wakajifanya askari na shofere, sisi tunasema teatre. Yeye akaandika mchezo, miye nikaona wazee wanakimbia porini. Akaniambia andika ni bunduki za mchezo, na nambari ya kiwanja hana, basi mkono wangu ukaandika jouets, maana yake vitu vya watoto. Nilijua nyeusi haiingii kwa jina lile. Nilijua. Lakini alinikumbusha aliponitoa, na miye kwa yule mtu sijawahi kuwa na hapana.

Miye pia nilimtajia teatre, nikamwambia wana ruhusa yao. Akanijibu hajawahi kupasuliwa. Nilidhani ni mzaha wake.

Marie-Claire aandike barua upesi. Mchezo, ukumbi, bima ya ukumbi, tarehe. Na kama wanataka jina la aliyeandika uongo juu ya boksi, wape langu.

Gaston


Sparkhill
15 Machi 2025

Gaston,

Kumbe ni wewe. Mimi nakwambia mchezo, unaandika watoto. Miaka thelathini tunajuana, umeniona mimi nikichezea vitu vya watoto? Umenitia aibu mbele ya mwanangu. Hasemi na mimi. Anaweka chakula mezani, anapanda juu. Jana nimekula peke yangu na redio.

Na umemwandikia yeye kabla yangu. Tanboi anazungumza na mwenye lori, sio na watoto wa mwenye lori.

Kuna mwanasheria, Amandeep, Kalasinga mmoja kijana wa kituo cha ushauri hapa barabarani. Ameniuliza kwa nini sikuagiza kwa karatasi. Amesema kwa mchezo kama wetu sheria inaruhusu kabisa, Mzee, mlango ulikuwa wazi na wewe umepanda ukuta. Nikamwambia kijana, mimi kuta nilizopanda wewe huwezi kuzihesabu. Hakucheka.

Alhamisi ya tarehe ishirini na saba tunaitwa kituoni, mimi na Luul, kila mtu chumba chake. Mimi siogopi chumba. Ila nakwambia wewe ndiye uliandika, na nikiulizwa nitasema.

Samatar


Liège
19 Machi 2025

Shofere,

Sema. Sitabisha. Kalamu ilikuwa yangu.

Ila jiulize jambo moja ukiwa na ile redio yako. Ukisema Gaston aliandika, watakuuliza, na jina la Luul Gaston alilitoa wapi?

Gaston


Sparkhill
24 Machi 2025

Adeer Gaston,

Asante kwa barua yako. Marie-Claire ameandika yake pia, na ya mwenye ukumbi, na ya bima. Alisema kwa hasira kwamba kama Baba angemwomba ile karatasi mwezi wa kwanza angeiandika chai ikiwa bado ya moto. Baba hakumwomba kwa sababu kuomba karatasi kwa mwanamke ni kama kukubali kwamba mchezo sio wake.

Mchezo ulichezwa Jumamosi. Baba alikataa kwenda. Marie-Claire akampa Mzee Dalmar, mmoja wa wazee wenzake, nafasi ya dereva, akasoma kwenye karatasi huku miwani inamtelemka, na watu wakapiga makofi wamesimama. Baba aliuliza tu, Dalmar alisimama wapi? Nikamwambia katikati. Akaenda kulala.

Amandeep ametueleza sisi wawili pamoja. Karatasi za Marie-Claire zitasaidia kuonyesha hakuna aliyetaka kudhuru mtu, lakini zimechelewa, na boksi liliandikwa uongo. Kwa Baba ushauri wake ni rahisi. Aseme sikujua sheria. Ni mzee, hakusoma, Kiingereza kinamshinda, watamwonea huruma, atarudi nyumbani. Nikamuuliza, akisema hakujua, mimi itakuwaje? Akasema, wakikosa aliyejua kati ya watu wawili, watamwangalia mwenye jina juu ya boksi. Wewe umesoma, unafanya kazi, Kiingereza unakijua. Ni vigumu wewe kusema hukujua.

Baba alikuwa amekaa pale pale. Sijui alisikia kiasi gani, yalisemwa kwa Kiingereza. Sikumtafsiria. Nilishindwa nianzie wapi kumwomba baba yangu ajiharibie.

Ni Alhamisi. Usimwandikie kabla ya hapo, tafadhali. Akisukumwa anakaa, hasogei.

Luul


Sparkhill
12 Aprili 2025

Gaston,

Nilikaa siku nyingi sikutaka kushika kalamu. Sasa nakuambia yote mara moja, usiniulize tena.

Kituoni walinipa chumba kisicho na dirisha, meza, askari mwanamke mwenye adabu, Amandeep upande wangu. Mkalimani alikuwa ndani ya simu, sauti tu, mama wa Tanga, Kiswahili chake kinateleza kama samli. Akaniamkia shikamoo, nikasahau kidogo mahali nilipo.

Askari akauliza, mama akaniuliza, Mzee, hizo bunduki zilikuwa za nini? Nikasema za mchezo. Nikamsikia anasema kwa Kiingereza neno fupi. Kiingereza changu ni cha barabarani, Gaston, lakini nilisikia hilo neno ni lile la mpira. Nikamwambia mama, simama hapo. Sio mpira. Watu wanakaa kwenye viti, mimi nasimama mbele yao najifanya mimi mwenyewe nikiwa kijana. Akasema aa, mchezo wa kuigiza. Nikasema sijui wa nini, ni huo. Akarekebisha. Askari akaandika. Neno hilo moja lilikuwa limetuzungusha kutoka Liège mpaka pale.

Ndipo akauliza. Mzee, ulijua kwamba bunduki nyeusi ya namna hii inataka karatasi kuingia nchi hii?

Amandeep akanigusa goti chini ya meza.

Sasa wewe unanijua. Nimevuka mipaka na sukari ya watu, na nguo, na mara mbili na mbuzi. Nimedanganya nilipokuwa na sababu. Lakini hakuna kijana wa kastamu aliyewahi kunisikia nikisema mimi sikujua, ni kama kusema sijui kuendesha. Na yale maneno ya Amandeep siku ile mimi niliyasikia. Mtoto alidhani Kiingereza kimenipita. Kimenipita mengi, lakini mtu anaposema jina la mwanao na neno boksi kwa pamoja, unaelewa.

Nikasema nilijua. Niliambiwa na rafiki yangu kwa barua, zaidi ya mara moja, nyeusi inataka karatasi, nikakataa. Nikasema jina la binti yangu nililitoa mimi, yeye hakuulizwa, alikuwa kazini Moseley anawalisha wazee wa watu. Notisi ilipokuja niliificha mimi. Aliyeandika boksi aliandika nilichomwambia, na nilimwambia vibaya.

Mama wa Tanga akaniuliza kwa sauti ndogo, Mzee, nitafsiri yote? Nikamwambia tafsiri, na usipunguze.

Amandeep alitoa mkono wake kwenye goti langu akaanza kuangalia dari.

Wamenipa onyo la polisi. Sio jela. Ni karatasi inayokaa kwenye jina langu, na mambo ya uraia wangu mimi yamekwisha kwa miaka, labda kwa maisha. Bunduki hazirudi. Walinisomea kwa Kiswahili kabla sijatia sahihi, na ilikuwa ajabu kusikia maneno yangu kwa mdomo wa mwanamke, yametulia, hayana kelele hata kidogo. Nilisema ndiyo, huyo ni mimi.

Luul alitoka chumba chake, alikuwa ameambiwa niliyosema, na kwamba yeye hana kesi. Tulipanda basi. Kiti kilikuwa kimoja akanipa mimi, akasimama ameshika chuma mpaka Sparkhill. Mlangoni akasema Baba, ungesema tu hukujua. Nikamwambia ningesema, na wewe je? Akapanda juu. Lakini chakula siku hiyo alikula chini, mezani.

Kazi yako naona bado unayo, kwa sababu hujalia kwangu. Patro wako asijue. Na yale niliyokuandikia mwezi wa tatu, kwamba nitakutaja, yachome.

Jana bahasha imeanguka. Alishuka mbio kama zamani. Mimi nilikuwa jikoni, sikutoka, nilisimama na mgongo kwenye jokofu. Hakupiga kelele. Nikasikia tu amekaa kwenye ngazi. Nikahesabu moyo wangu, nikatoka, akanipa karatasi kana kwamba mimi najua kusoma Kiingereza. Amekubaliwa, Gaston. Ataapa mjini tarehe sita mwezi wa tano.

Anaruhusiwa kuja na wageni wawili. Mmoja ni Marie-Claire, nimemsikia akimwambia kwa simu. Wa pili hajataja. Mimi siulizi. Sijawahi kumwomba mtu kiti.

Koti langu la kijivu, la sherehe, nimelipiga pasi, nimelitundika nyuma ya mlango wa sebuleni, mahali mtu hawezi kupita asilione. Leo asubuhi ameliona. Ametoa uzi mmoja begani, akaliacha palepale, akaenda kazini.

Samatar